Swali Moja Nililouliza Kabla ya Kazi ya Pamba

Kwetu mtu akipata kazi hatumuulizi ni kazi gani. Tunamuuliza anaanza lini. Mimi nilipopata yangu, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji wa Bunda, majirani walikuja kunipongeza kabla sijajua nitasimama wapi wala nitashika nini. Ilikuwa miaka ile ya foleni, ukipata mche wa sabuni unaukata kwa uzi ili na dada yako apate kipande. Mume wangu, Magesa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake ulikuwa haufiki hata katikati ya mwezi. Katika hali hiyo nani angekuwa na maswali?

Hata hivyo niliuliza moja. Nimezaliwa katika nyumba ya Wasabato pale Kamunyonge, Musoma, na karani wa ajira aliponisogezea fomu nilimtazama usoni nikamwambia, "Jumamosi mimi sifanyi kazi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nitakuja, hata nikiwa peke yangu."

Akacheka, akaandika. Nikatoka pale shingo imenyooka, nikijiona mwanamke aliyekagua kila hatari iliyokuwamo humo ndani. Hatari niliyoijua ilikuwa ya roho. Mapafu hayakunijia kichwani hata kidogo.

Ninaandika sasa kwa sababu naweza. Kulikuwa na wakati barua ya ukurasa mmoja ilinichosha kama nimelima ekari. Kama umeambiwa uanze kazi wiki ijayo, au kama tayari unakohoa na kila mtu ana jina lake la ugonjwa wako, kaa kidogo nikusimulie.

Kazi yangu ilikuwa kulisha mashine. Pamba yenye mbegu imerundikwa nyuma yako, unaikumbatia, unaisukuma mdomoni mwa mashine, nyuzi zinatokea upande wa pili na mbegu zinaanguka chini. Ukutani kulikuwa na feni kubwa ya kuvuta vumbi nje. Niliikuta imesimama, na kwa msimu mzima nilidhani ni sehemu ya jengo. Baadaye nikaambiwa ilikufa zamani, spea zinatoka ng'ambo na fedha za kigeni hakuna. Kwa hiyo vumbi lilibaki humo humo pamoja na sisi. Tukitoka jioni tulikuwa weupe nyusi na kope, tukichekana kwamba tumezeeka kwa siku moja.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Wegesa, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa na misimu mingi pale. Siku ya kwanza aliniona najikinga pua na ncha ya khanga.

"Acha hiyo, mdogo wangu, itakuziba pumzi bure. Wewe jioni kunywaga maziwa. Maziwa yanaosha kifua."

Watu wa Mara ukituambia maziwa yanatibu jambo hatukuulizi mara mbili. Nikavua khanga, nikanywa maziwa. Uongozi wenyewe ulitugawia kikombe kila zamu, na tulilalamika kweli kweli siku yaliposhindwa kuja. Kuhusu feni hatukulalamika. Ukinipa leo nafasi ya kurudi nyuma, nitakwenda kuilalamikia hiyo feni mpaka wanifukuze.

Wiki ya kwanza nilipata homa. Wenzangu wakapiga vigelegele, wakasema nimeshabatizwa, kila mgeni huipata. Ikapita. Kisha nikaanza kuona kitu: Jumatatu asubuhi kiwanda kizima kilikuwa kinakohoa. Watu wanashika vifua, wanaegemea marobota, msimamizi anapita akifoka kwamba ni gongo ya jana. Na mimi nilimwamini! Mimi nisiyeonja pombe, niliyesimama pale nikiwa mzima, niliwahubiria. Nilimwambia Wegesa, mbele ya watu, kwamba akiacha kunywa Jumapili kifua chake kitamshukuru. Wegesa aliinama akakumbatia pamba yake. Alikuwa hanywi, nilikuja kujua baadaye.

Nyani haoni kundule. Msimu wa pili kifua kilianza kunibana mimi, lakini siyo Jumatatu. Kilinibana Jumapili. Naingia kazini Jumapili asubuhi, pamoja na vibarua wa siku moja, nikiwa mzima, mchana ni kama mtu amenifunga kamba chini ya matiti na anaendelea kuikaza. Jumatatu nafuu kidogo, Jumanne nimesahau. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, baada ya mahubiri yale? Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha yangu kwa sababu ya aibu tu.

Aliyeligundua ni mama mkwe. Alikuja kutoka Butiama kutusalimia, akaniona nimerudi kazini nimeketi kizingitini, nakohoa bila kuweza kuvua viatu. Yeye ni Mkatoliki wa nguvu.

"Leo ni siku gani?" akamuuliza mwanawe.

"Jumapili, mama."

"Basi Mungu hana haja ya kuwaandikia barua. Siku ya Bwana mkeo anakwenda kupiga mashine, unategemea nini?"

Nilikasirika mpaka nikakohoa zaidi. Kumbe kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa karibu na jibu. Alikuwa ameiona siku.

Msimu wa tatu nafuu ya Jumanne ikaisha. Nikawa nakohoa wiki nzima, nalala nimeketi, mto mgongoni na mwingine juu yake. Pete ya ndoa ilianza kuchezacheza kidoleni, nikaifunga uzi ili isianguke kwenye mashine. Kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza, na sasa nilikuwa navuta pumzi katikati ya neno. Kiongozi wa kwaya, kwa upole wake, alinihamishia mstari wa nyuma. Nililia kwa hilo kuliko kwa kikohozi.

Nikaenda hospitali moja Musoma. Nilifikia kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Kigera, na kwa siku nne mfululizo nilikaa kwenye benchi moja refu la mbao, daftari la shule mkononi likiwa ndilo faili langu. Benchi lile nalijua kama kitanda changu. Mwisho wa kulia kulikuwa na msumari uliochomoza, na wenyeji walimwachia mgeni akae pale. Siku ya kwanza nilikuwa mgeni. Makohozi yalipimwa mara tatu, hayakuonyesha kitu. Filamu za picha ya kifua zilikuwa zimekwisha. Daktari akaniangalia nilivyokonda, akasema wataanza kunitibu kama mtu wa kifua kikuu, maana kungoja ni hatari. Simlaumu. Kwa alichokuwa nacho mezani, na mimi ambaye sikumwambia nafanya kazi gani, angewaza nini kingine? Alipouliza kazi nilijibu "mkulima", kama tulivyokuwa tunajibu wote.

Sindano zilikuwa kila siku kwa miezi miwili, kwenye zahanati ya Bunda. Makalio yaliniuma hata kuketi kanisani ilikuwa shughuli. Lakini sindano ilikuwa jambo dogo. Lililoniumiza ni kikombe. Magesa alininunulia kikombe cha bati, akakikwaruza alama kwa msumari ili kisichanganyike na vya wengine. Alifanya hivyo kwa woga, hakuna ubaya, lakini kila nilipoinua kunywa niliiona ile alama.

Kisha mama mkwe akaja kumchukua mtoto. Nyangeta alikuwa na miaka minne, mtoto wetu wa pekee, na alikuwa analala mgongoni kwangu tangu azaliwe.

"Mimi sikuchukii, mkamwana," alisema akikunja vigauni viwili kwenye kitambaa. "Lakini huyu sitamzika kwa sababu ya kukuonea wewe haya."

Niliwasindikiza kwa macho tu mpaka kituoni, kwa sababu kutembea sikuweza, na kumbusu nilikatazwa.

Sasa sikiliza jinsi nilivyodanganyika. Nilianza sindano msimu wa pamba ukiwa unafungwa. Mvua za vuli zikanyesha, mashine zikafungwa maturubai, mimi nikapata nafuu. Kikohozi kikapungua, nikaongezeka mwili, pete ikakaa. Kila mtu akasifu sindano. Niliendelea na vidonge vyake mpaka mwisho, sikuruka hata siku moja, na msimu ulipofunguliwa nikarudi kazini nikiwa najiita mzima. Nilipanga nikimaliza wiki mbili bila kukohoa nimfuate mtoto wangu Butiama.

Jumapili ya kwanza ilinibana tena. Wiki ya tatu, Jumatatu, nilianguka mbele ya mashine. Wegesa alinivuta miguu kabla mkono wangu haujafika kwenye meno ya mashine, akanibeba mgongoni hadi nje penye upepo. Yeye mwenyewe alikuwa anapumua kwa shida akinibeba, na hadi leo nikikumbuka hilo nashindwa kula.

Nikarudi kwenye lile benchi la Musoma. Mara hii nilikuwa mwenyeji, nikakaa mbali na msumari. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja, Mzee Masatu, mwenyeji wa vijiji vya rasi huko ziwani, kofia ya pama magotini. Tulikohoa kwa zamu mpaka tukaanza kucheka.

"Wewe binti kinakushikaga lini?" akaniuliza.

"Kila siku sasa, mzee wangu. Lakini kilianzaga Jumapili."

"Jumapili? Mimi changu Jumatatu. Mke wangu anasema ni uvivu, eti kinajuaga siku ya kazi."

"Unafanya kazi gani?"

"Pamba. Kiwanda cha huku kwetu."

Nikakaa wima. "Na mimi ni wa pamba, Bunda. Huko kwetu watu wote ni Jumatatu. Mimi peke yangu Jumapili."

"Kwa nini wewe peke yako?"

"Mimi ni Msabato," nikamjibu. "Napumzikaga Jumamosi."

Nilisema hivyo kwa mzaha, halafu nikasikia nilichokisema. Mzee Masatu naye alikuwa anaigeuza kofia taratibu. Wao wanapumzika Jumapili, wanaumwa Jumatatu. Mimi napumzika Jumamosi, naumwa Jumapili. Haikuwa gongo, haikuwa Mungu kukasirika. Ilikuwa ni siku ya kwanza ya kurudi mle ndani, basi.

Jina langu lilipoitwa nilimshika mzee mkono tukaingia pamoja. Muuguzi alitaka kumtoa, nikamwambia huyu ni sehemu ya maelezo yangu. Daktari wa siku hiyo alikuwa mwembamba, mikono ya koti lake ni mifupi. Tulimweleza habari ya siku zetu, tukikatizana maneno. Aliweka kalamu chini.

"Kwenye daftari imeandikwa wewe ni mkulima."

"Niliandikisha vibaya."

"Tulipoteza mwaka, mama," alisema, bila kunigombeza. Alitusikiliza vifua, akatuuliza kuhusu madirisha, kuhusu feni, kuhusu wenzetu. Kisha akatuambia ni vumbi la pamba linalotuua polepole, na kwamba vidonge atakavyotupa vitatusaidia kupumua, ila dawa yenyewe ni kutoka mle ndani. Mzee Masatu akauliza kama maziwa yanasaidia. Daktari akasema maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda kifuani, nayo ni njia mbili tofauti. Jambo jepesi kiasi hicho! Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Nisieleweke vibaya. Ukiambiwa una TB, meza dawa zako mpaka mwisho, usiache kwa sababu ya hadithi ya mama wa Bunda. Ninachosema ni kwamba daktari anapokuuliza kazi, mwambie kazi.

Nyumbani, Magesa alisoma cheti nilichopewa na daktari mara mbili. "Maliza msimu huu tu," akasema. "Ni wiki chache."

Nilimchukia kwa kiasi cha nusu saa. Halafu nikamwona anavyokitazama kile cheti, nikajua anaogopa njaa kama ninavyoogopa kufa, nasi wote tuna haki. Nilimwambia, "Mwalimu, ukitaka mshahara wangu utaupata. Ukinitaka mimi, sirudi." Kesho yake alizifua nguo zangu zote za kazi, akampelekea Wegesa ujumbe kwamba mkewe haji tena, na akakifukia kile kikombe cha bati nyuma ya choo. Ndoa yetu imeshapita katika mengi, lakini hapo ndipo nilipompenda mara ya pili.

Kupona hakukuja na tarumbeta. Mvua za vuli za mwaka ule nilikuwa natembea mpaka bombani na kupumzika mara tatu. Masika ilipofika nilipumzika mara moja. Dada aliniletea samaki kila alipokuja, sato wabichi kwenye majani, na aliketi kuhakikisha nanywa mchuzi. Wegesa alikuja kuniona. Nikamwomba radhi kwa yale mahubiri yangu ya gongo, akacheka, akasema alikuwa ameyasahau. Msimu uliofuata naye hakurudi kwenye mashine. Alihamia kupanga magunia nje, penye upepo, nami nafurahi kuandika kwamba bado anacheka kwa sauti kubwa kuliko wote sokoni.

Mashine zilipowaka tena nami sipo, nikamaliza wiki, nikamaliza mwezi, kifua kimetulia, nikapanda basi kwenda Butiama na cheti cha daktari mfukoni.

Mama mkwe hasomi. Alikigeuzageuza, akanirudishia. "Karatasi haikohoi," alisema. "Chukua ndoo twende kisimani."

Kisima kiko chini, nyumba iko juu. Nilipanda na ndoo kichwani, yeye nyuma yangu, hatua kwa hatua, haongei. Nilipumzika mara moja penye jiwe. Tulipofika uani alinitua ndoo.

"Nimekuwa nyuma yako njia nzima," akasema. "Sikukusikia."

Akaingia ndani, akarudi na bakuli moja la uji. Akanywa, akanipa, nikanywa palepale alipoweka mdomo wake. Nilikuwa sijala na mtu chombo kimoja kwa muda mrefu. Machozi yaliingia kwenye uji.

Nyangeta alikuwa amejificha nyuma ya nguo ya bibi yake. Nilipomwita alinisalimia vizuri, kwa adabu, "Shikamoo, shangazi." Ilichukua mwezi mzima Bunda kabla hajaniita mama bila kukumbushwa.

Miaka ikaenda. Zikaja siku za ruksa, maduka yakajaa, kila mtu akawa mfanyabiashara. Magesa aliona niuze mitumba. Nilikwenda kwanza kusimama mahali wanapofungulia marobota, nikaona watu wanavyopiga chafya, nikageuza. Niliuza nyanya na vitunguu. Jirani mmoja aliniambia naogopa kazi. Nikamwambia sinunui mbuzi kwenye gunia, basi.

Viwanda vya samaki vilipofunguliwa Musoma, Nyangeta, akiwa ameshamaliza shule, akapata nafasi ya kukata minofu ya sangara. Hakuna aliyemuuliza kazi gani, walimuuliza anaanza lini. Mimi nikamwambia tutakwenda kuangalia siku tatu kabla. Alinuna njia nzima. "Mama, nitaonekana mtoto." Nikamwambia aonekane.

Tulisimama getini zamu ilipotoka. Nilitazama mikono ya wale wasichana, nikatazama viatu, nikamuuliza mmoja sakafu ikoje na baridi ikoje, na akikatwa na kisu nani anamfunga. Wakanijibu vizuri. Visu vinakata, baridi ni kali, mabuti yapo lakini usipoyadai siku ya kwanza unavaa ya mtu aliyetoka, yamelowa. Niliridhika nusu. Ofisini, bwana wa ajira alituonyesha pa kusaini, akauliza kwa haraka kama binti ana swali. Nikafungua mdomo. Nyangeta akanigusa goti, akauliza yeye.

"Aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu, yuko wapi sasa?"

Bwana yule akainua macho. Halafu akageukia mlango, akaita, na akaja msichana mmoja aliyevaa koti jeupe. Alikuwa amepandishwa, anapima samaki mizani. Walisimama kando wakazungumza muda mrefu, akamwonyesha kovu dogo la kidole na jinsi ya kushika kisu lisipatikane jingine. Nyangeta alirudi, akadai mabuti mapya kwanza, yakaletwa, ndipo akasaini.

Kuelekea kwa dada, kule Kigera, nilimuuliza swali lile kalitoa wapi. Mimi nimeugua, nimejifunza, nimehubiria soko zima, na sikuwahi kulifikiria.

Alikuwa amebeba mabuti yake kifuani. "Kule kwa bibi, watu walikuwaga wananiambia mama yuko kazini," akasema. "Kila siku, yuko kazini. Kwa hiyo nikadhani kazini ndiko watu wanakoishiaga, hawarudi."

Nilisimama barabarani. Yeye akasimama pia, akanishika mkono, akidhani nimeishiwa pumzi. Nikamwambia hapana, pumzi ninayo, na tukatembea.